Laini, Kukwaruza, Kunata: Miaka Yangu ya Udongo Skuli

Tangu nirudishe ufunguo wa stoo ya sanaa, kila mwalimu anayekuja kunijulia hali huniuliza swali lile lile: hivi, Bi Zuhura, udongo ulikuingia vipi? Wengine huuliza kwa heshima, wengine hucheka kabla hawajamaliza kuuliza. Nimeona bora nilijibu mara moja kwa maandishi, kabla sijaanza kusahau, na kabla wengine hawajaanza kusimulia kwa niaba yangu. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikuwa nyingi, na mnazijua.

Nilipangiwa skuli ya msingi upande wa Micheweni nikiwa msichana wa Chake ambaye hajawahi kuishi maweni. Siku ya kwanza nilishuka kwenye gari kutoka Konde nimevaa viatu vizuri vya mjini. Ardhi ile ya mawe ya matumbawe inakula soli kama msasa, na viatu vyangu havikufika mwisho wa mwezi. Nikisema kwamba somo langu la kwanza kuhusu mguso wa vitu nilifundishwa na njia ya kwenda skuli, sitakuwa nimetia chumvi.

Mwalimu Mkuu, Mzee Faki, alikuwa ameshagawa masomo. Lililobaki ni sanaa.

"Lipo hilo," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha ndoo iliyotoboka.

Vifaa vilikuwa boksi moja la rangi za nta. Watoto walikuwa wamemaliza rangi zote isipokuwa nyeupe, na karatasi zetu zilikuwa nyeupe pia. Ndipo nikafikiria udongo. Udongo hauishi, haununuliwi, na upo kila mahali. Ndivyo nilivyodhani. Nikawatoa nje darasa la tatu, tukachimba pembezoni mwa uwanja, tukapata mawe, kokoto, na vumbi jekundu kidogo lililokuwa limejificha kati ya mawe. Tukatia maji. Tukaponda. Kila tulichofinyanga kilibomoka kabla hakijasimama.

"Mwalimu, huu hautaki kushikana," alisema msichana mmoja wa mbele.

"Kwa nini hautaki?"

Akaufikicha kidogo vidoleni, akafikiri. "Labda haujuani."

Nilicheka, lakini usiku ule jibu lake halikunitoka kichwani. Lilikuwa sahihi kuliko vitabu vyangu vya chuo. Chembe za udongo ule zilikuwa kubwa, kavu, kila moja na mambo yake. Nilitaka kujua udongo unaojuana unapatikana wapi.

Nikaelekezwa bondeni, upande wa Konde, kwenye mashamba ya mpunga, kwa mfinyanzi anayeitwa Bi Saumu. Nilikwenda siku ya Jumamosi. Nilimkuta ameketi chini uani, miguu ameinyoosha, chungu kikubwa katikati, na mkononi ana gamba la kombe analokwangulia. Hakuinuka.

"Wataka n'ni, mwanangu? Chungu au chetezo?"

"Sitaki chombo, Bi Saumu. Nataka udongo tu."

Akanitazama usoni, kisha akanitazama tumboni. "Wa kula? Mimba ya miezi mingapi?"

Nikamweleza kwa haraka kwamba mimi ni mwalimu, sina mimba, na udongo ni wa wanafunzi. Akaweka kombe chini.

"Na hao wanafunzi watafinyanga n'ni?"

"Chochote watakachopenda."

"Chochote hakipikii," alisema, lakini alishaanza kuinuka kunionyesha shimo lake.

Tangu siku ile nikawa nakwenda kwake kila nilipopata nafasi, na yeye akawa ndiye chuo changu cha pili. Nitakuandikieni aliyonifundisha maana mtayahitaji. Udongo ukishachimbwa hauvamiwi siku hiyo hiyo. Unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu, unatolewa mizizi na vijiwe kimoja kimoja. Vyungu vilivyovunjika havitupwi: vinatwangwa, vinachungwa, na unga wake unachanganywa na udongo mbichi ili usipasuke motoni. Halafu unaufunga kwenye gunia lililolowana, juu unaweka majani ya mgomba, na unauacha. Nilipomuuliza unaachwa mpaka lini, aliniambia mpaka unuke vibaya. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Udongo uliooza kidogo unakunjika bila kukatika, na mpaka leo sijui sawasawa kwa nini. Mmoja wenu anayefundisha sayansi anitafutie jibu.

Jambo moja hakunifundisha mapema, na hilo nilijifunza kwa hasara. Tulipochoma kazi zetu za mwanzo, tulizipanga uwanjani juu ya makumbi ya nazi, tukazifunika kwa makuti, tukawasha. Kwa muda mambo yakawa mazuri. Kisha zikaanza kupasuka, moja baada ya moja, pa! pa! pa!, hata mama mmoja aliyekuwa akipita na kanda lake la mwani akakimbia. Watoto walifurahi sana. Mzee Faki hakufurahi.

"Uliweka shavuni?" Bi Saumu aliniuliza nilipompelekea vipande.

"Kuweka nini shavuni?"

"Chombo, mwanangu! Kikiwa bado kina maji ndani, shavu lahisi baridi. Mkono wadanganywa. Shavu halidanganywi."

Basi tangu hapo, kabla ya kuchoma, darasa zima lilikuwa likisimama mstari, kila mtoto kabandika kazi yake shavuni, kimya, kama watu wanaosikiliza simu. Mgeni mmoja wa ukaguzi alitukuta hivyo. Aliandika kitu kwenye karatasi zake na hakuniambia ni nini.

Kwa miaka ile ya mwanzo watoto walifinyanga kila walichokijua: vyungu, vitanda, mbuzi, paka, kuku, na siku moja mtu mnene mwenye kofia aliyefanana mno na Mwalimu Mkuu. Walivipeleka nyumbani kwa furaha. Baada ya muda nikaanza kusikia minong'ono, na mwisho akaja skuli Ustadh Shaame, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani pale kijijini. Nilimwona akivuka uwanja taratibu, kanzu ameishika isichafuke, nikajua somo langu limefika mwisho.

Alinisalimu vizuri, akakaa.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Watoto wanafinyanga viumbe wenye roho, wanaviweka majumbani kwa watu. Wazee wao wamenijia mimi badala ya kukujia wewe, na hilo si zuri. Ndiyo maana nimeona nije mwenyewe."

Nilimshukuru kwa kuja mwenyewe. Nilimwambia wanyama nitawaacha. Moyoni nilikuwa najiuliza nitafundisha nini sasa, maana vyungu peke yake vilikuwa vimeshawachosha. Wakati nikitafuta la kusema, yeye alikuwa ameokota kigae kilichokuwa mezani kwangu. Kilikuwa bapa la udongo tu, nililokuwa nimejaribu kuligandamizia kipande cha ukili, ule msuko wa miyaa, kabla halijakauka, halafu nikauondoa.

"Na hiki je?"

"Hicho hakina roho, Ustadh. Kimebakisha alama tu."

Akapitisha dole gumba juu yake, kwenda na kurudi. Nikaona amefumba macho, nadhani bila kujua.

"Ukili," alisema. "Na si wa mkoba. Huu ni wa jamvi." Akafumbua macho. "Mama yangu alikuwa akisuka. Una kingine?"

Nilikuwa nacho cha kifuu cha nazi, na kingine cha gunia. Nikampa huku nikimkataza kutazama. Cha kifuu alikijua, cha gunia alikosea akasema ni wavu, tukabishana, tukacheka, mpaka ikaadhiniwa alasiri akaondoka kwa haraka. Siku ya pili yake alimtuma mtoto aniletee kokwa za tende zilizofungwa kwenye karatasi. Ujumbe wake ulikuwa: mwambie Mwalimu ajaribu na hizi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye hili ambalo ninyi mnaliita somo la Bi Zuhura. Nilikuwa nimeliona kwa miaka bila kulijali: kwamba kabla mtoto hajajua kutengeneza umbo la kitu, ngozi ya kitu imeshamshughulisha. Mpe udongo umsimamie, atakukandia mbuzi kwa kukuogopa. Mwache peke yake, utamkuta anaupiga ncha ya kidole mara mia, anatazama vishimo.

Nilishona mfuko wa kanga kuukuu wenye mdomo mwembamba unaopitisha mkono tu. Ndani naweka kitu. Mtoto anatia mkono, anapapasa, na anawaambia wenzake anachohisi. Hakuna ruhusa ya kutaja jina la kitu. Hii ndiyo sheria pekee, naomba msiivunje, maana mtoto akishataja jina mkono wake unaacha kufikiri. Anasema tu anachohisi, na wenzake wanatafuta namna ya kuitia hisia hiyo kwenye udongo kwa kijiti, ukucha, gamba au kamba.

Na maneno waliyonipa! Laini na kukwaruza tuliyamaliza siku ya kwanza. Ikaja nyororo, telezi, ya vinundu, ya makunyanzi, ya kunata, ya ungaunga. Mtoto mmoja alishika mwani mkavu akasema, "Huu una hasira." Mwengine alishika karafuu kavu akasema ni kama msumari uliozaliwa jana. Siku hizo nilikuwa nikirudi nyumbani nikipapasa kuta za njiani, na watu walikuwa wakinitazama.

Siku moja wavulana wawili wa mvuvi waliniletea mkono wa pweza. Wakaugandamiza kwenye bapa la udongo, wakauvua, na zikabaki duara zimepangana kubwa hadi ndogo, kila moja na kitovu chake, kazi nzuri ambayo mkono wa mtu usingeweza kuifanya. Tulikitazama kigae kile darasa zima. Kisha tukasahau kuutoa mkono wa pweza stoo siku ya Ijumaa, na Jumatatu Mzee Faki aliniuliza swali ambalo sitaliandika.

Nimeyasema haya yote ili mjue nilikuwa mwalimu wa namna gani alipoletwa Kombo darasani kwangu, katika miaka yangu ya mwisho.

Kombo alikuwa na umri wa miaka minane, mwembamba, mpole, mwenye shati safi kupita wenzake. Kwenye mchezo wa mfuko hakuwa na mfano. Aliwahi kushika jiwe akasema, "Upande mmoja limeliwa na bahari, upande mwengine bado." Tulilitoa, na kweli. Lakini udongo ukigawiwa, Kombo alikuwa akiweka mikono nyuma. Wenzake wakifinyanga, yeye anatazama. Nilimpa kijiti asishike kwa mkono. Akatikisa kichwa. Nilimpa mfuko wa nailoni avae mkononi, akauvaa, akaugusa udongo kwa kidole kimoja, na nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Alitoka mbio hadi bombani.

Nilikuwa nimeona watoto wasiopenda uchafu. Huyu hakuwa mmoja wao. Wasiopenda uchafu hukunja pua. Huyu alikuwa anaogopa, na nilitaka kujua anaogopa nini.

Nikamfuata mama yake, Bi Mize, aliyekuwa mkulima wa mwani. Nilimkuta amekwisha kutoka pwani, anauanika mwani wake juu ya makuti mbele ya nyumba. Tukasalimiana, nikainama tukawa tunautandaza pamoja.

"Nimekuja kwa ajili ya Kombo," nilimwambia.

Hakuinua uso. "Mwalimu, mwanangu hali."

"Hali gani, Bi Mize?"

"Hali. Hali chakula." Akakung'uta fungu la mwani. "Biskuti ala. Muhogo wa kuchoma ala. Samaki mkavu ala kwa ncha za vidole. Wali hali, ugali hali, uji ndiyo usimtajie. Chochote chenye kunata hakimpiti."

"Hata kwa kijiko?"

"Kijiko ashika. Akikitazama kile chakula, roho yamchafuka."

Kisha akanihadithia, mikono yake ikiendelea kufanya kazi. Baba yake Kombo alifariki mwaka uliopita, kwa maradhi. Siku waliyomzika ilikuwa inanyesha. Yeye, kama mwanamke, hakwenda makaburini, lakini alihadithiwa. Wakati wa kufukia, ami yake Kombo, ndugu wa marehemu, alimwambia mtoto atie udongo na yeye, amuage baba yake. Akatia. Udongo ulikuwa tope, ukamganda mikononi, hautoki.

"Alirudi hapa hali, haongei, anaosha mikono. Anaosha, anaosha, mpaka nikalifunika pipa la maji. Tangu siku ile ndiyo hivyo. Hospitali tumempeleka, daktari kasema mwili mzima, mumstahamilie. Sasa ami yake asema skuli ikifungwa atampeleka Tanga kwa shangazi yake. Asema huenda akiondoka hapa akasahau." Akanyanyuka, akajishika kiuno. "Nimempoteza mmoja, Mwalimu. Nimpeleke na mwengine?"

Nikamsaidia kuutandaza uliobaki. Niliondoka pale na harufu ya mwani mikononi, nikifikiri njia nzima. Mimi si daktari, na makaburi si somo langu. Lakini kitu kimoja nilikuwa nakijua: udongo si kitu kimoja. Ule unaonata ni sura yake moja tu. Upo uliochomwa, ambao ni mgumu na mkavu kama jiwe. Upo mkavu ambao haujachomwa, unaotoa unga ukiukwaruza. Upo uliokauka nusu, kama kipande cha jibini. Nikajiuliza kama mtoto anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma, kuanzia mwisho kuja mwanzo.

Nilianza na vigae vilivyochomwa. Hivyo alivishika bila shida, akanipangia stoo nzima kuanzia kilaini kabisa hadi chenye kukwaruza kabisa, bila kuombwa. Halafu nikampa bapa kavu lisilochomwa.

"Hiki kimepikwa, Mwalimu?"

"Bado. Kimekauka tu."

Akakiweka mezani. Siku ya pili akakirudia. Nikamwachia msumari pembeni na nikajifanya nina kazi nyingine. Nilipogeuka alikuwa amechora mstari mmoja, na ungaunga wa udongo umemwangukia kwenye vidole. Nilisubiri akimbilie bombani. Akaupuliza. Kisha akachora wa pili. Kwa vipindi kadhaa alikuwa akichora mistari yake, mingine imelala, mingine imesimama, mpaka bapa lote likawa kama wavu mzuri sana wa kuhisi kwa kidole. Wenzake walikuwa wakiomba kulishika.

Hapo tukakwama. Udongo uliokauka nusu hakuugusa kabisa. Wiki zilipita, mitihani ikaja, skuli ilikuwa inakaribia kufungwa, na ami yake alishapeleka habari Tanga.

Bi Saumu alikuwa bado hai, amezeeka, macho yamepungua, lakini alikuwa akipenda kuletwa skuli na mjukuu wake kutazama tunachofanya. Yaani kupapasa tunachofanya. Siku hiyo alikaa kwenye benchi na watoto wakawa wanampelekea kazi zao. Kombo naye alipeleka bapa lake. Bi Saumu akalipitishia vidole.

"Nani kachora hiki?"

"Mimi."

"Weye? Hebu njoo n'kushike mikono."

Kombo akarudi nyuma hatua, akampisha mtoto mwengine aliyekuwa anasukuma, kiwiko cha huyo kikamgonga Bi Saumu, na bapa likamponyoka. Pembeni ya benchi lilikuwapo beseni la maji tunalolowekea vipande vilivyovunjika ili tuvitumie tena. Likaingia humo, chubwi!

Kwa wasiowahi kuona: udongo mkavu usiochomwa ukiingia majini haulowani kwanza. Unatoa mapovu. Unalia, sauti nyembamba kama mafuta yanayoanza kupata moto, na kingo zake zinaanza kujimega zenyewe.

"Kinapumua!" mtoto mmoja alipiga kelele, na darasa zima likalizunguka beseni.

Kombo alipiga magoti. Mistari yake ilikuwa inafutika huku anaitazama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, nikawa najipenyeza nifike. Bi Saumu, aliyesikia ile sauti na kuielewa, ndiye aliyepiga ukelele.

"Kitoeni, jamani! Kitakwisha! Kitoeni upesi!"

Kombo akatumbukiza mikono yote miwili.

Ilipotoka ilikuwa imejaa tope hadi kwenye vifundo vya mikono. Watoto wote walijua habari yake, hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama nilipokuwa. Nilikuwa nahesabu tu ni lini atalitupa.

Hakulitupa. Alikuwa anatazama kati ya vidole, ambako mapovu madogo yalikuwa bado yanatoka.

"Bado kinapumua," alisema. Kisha, "Mistari yangu imekwenda wapi?"

"Imerudi kuwa udongo," nilimjibu.

"Hata vyungu vyangu mvua ikivipata kabla sijavichoma, huwa hivyo hivyo," Bi Saumu alisema. "Vishaniliza sana."

"Halafu unafanyaje?" Kombo alimuuliza.

"Navifinyanga upya. N'fanye n'ni tena?"

Kombo akafumba mikono taratibu, tope likamtokea kati ya vidole. Uso wake ulikuwa ule ule wa mchezo wa mfuko, uso wa mtu anayetafuta neno.

"Mwalimu, baridi hii ni ya maji au ya udongo?"

Nilimwambia kweli: sijui. Nikamwambia aushike, atuambie ikibadilika. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu darasani kama nilivyongoja pale.

"Unapata joto," alisema mwisho.

"Joto la nani?"

Akafikiri. "Langu."

Alikwenda kunawa. Niliyahesabu maji ya bomba kwa masikio. Alinawa, akafunga, akakung'uta mikono, akarudi kukaa.

Baada ya vipindi alinifuata stoo, akasimama mlangoni. "Mwalimu, baba anahisi baridi kule?"

Hilo nilimwambia si langu kulijibu, lakini namjua wa kuulizwa. Tukaenda wote hadi chuoni kwa Ustadh Shaame, ndevu zake sasa nyeupe zote. Nilimweleza kwa ufupi, nikakaa nje. Waliongea muda. Sikuuliza waliongea nini, na hakuna aliyeniambia. Nilichokiona ni kwamba Kombo alipotoka alikuwa ameshikwa mkono na Ustadh, na hakuwa na haraka ya kuutoa.

Sitaki mdhani mambo yalikwisha siku ile. Siku iliyofuata alifinyanga kidogo, kisha akaacha. Ya tatu akakataa kabisa. Ya nne akafinyanga kibakuli kilichopinda. Mama yake aliniambia bado hali, ila ameanza kukaa karibu na sufuria kutazama ugali ukisongwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya skuli kufungwa, Bi Mize alinialika chakula cha mchana. Nilijua kwa nini. Ami yake Kombo alikuwepo, amekuja kuchukua nguo za mtoto, na Bi Mize hakutaka kuwa peke yake. Tulitandikiwa majamvi: ami na Kombo upande wa mlangoni, mimi na Bi Mize karibu na jiko. Kulikuwa na ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza. Kombo aliwekewa samaki wake mkavu kwenye sahani ya peke yake, kama kawaida.

Ami akanawa, akasoma bismillahi, akamega. Alikuwa mtu mzuri, mwenye huzuni yake mwenyewe, na alikuwa anakula bila kumtazama mtoto. Bi Mize alimega tonge akalishika tu.

Kombo akasogea. Akanyoosha mkono kwenye sinia la ami yake, akamega kipande cha ugali. Akakiminya. Kikamnata kwenye vidole, akavitenganisha, akatazama nyuzi zake zinavyovutika na kukatika. Ami akaacha kutafuna. Kombo akakikunja kuwa duara, akakibonyeza katikati kwa dole gumba, akachungulia shimo alilolitia, akaligeuza upande wa pili. Akachovya mchuzi. Akala.

Kisha akamega kipande kingine na kuanza kukichora mistari kwa ukucha.

"Kombo!" mama yake alimfokea. "Usichezee chakula!"

Ami akainua uso. Nadhani hakuwa amemkemea mwanawe mezani tangu msiba. Bi Mize akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akainuka haraka, akaingia jikoni kama aliyekumbuka kitu motoni.

"Muacheni ale anavyotaka," ami alisema kwa sauti nzito, akalisogeza sinia upande wa mtoto. Habari ya Tanga hakuitaja siku ile, wala siku nyingine.

Mimi nilikuwa nimeshiba. Nikaomba niongezewe mchuzi, nipate sababu ya kukaa pale kidogo zaidi nimtazame anavyokula.